Wakili wangu anakataa kutumia hukumu niliyoipata mtandaoni. Ananizunguka?

SWALI: Habari mtaalamu. Naishi San Diego, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nimemshtaki bosi kwa overtime na mapumziko ambayo sikupewa. Sasa ametoa karatasi niliyosaini siku ya kwanza kazini, Kiingereza kitupu, eti inasema nilikubali kutokwenda mahakamani, kesi iende abitresheni, yaani iamuliwe na msuluhishi binafsi badala ya jaji. Nimetafuta mtandaoni nikapata hukumu ya mahakama ya rufaa ya hapahapa California, ya mwaka juzi, mfanyakazi hajui Kiingereza kama mimi, na kashinda. Wakili anasema hawezi kuigusa kwa sababu "haijachapishwa". Mbona mi nimeisoma kwenye tovuti ya mahakama yenyewe? Mdogo wangu yuko Columbus, Ohio, anasema kule wanazitumia tu, na kanitumia nyingine tatu alizopewa na AI. Nataka nimwandikie jaji mwenyewe. Je, huyu wakili kanunuliwa?

JIBU: Dada yangu, pole kwanza na hayo ya overtime. Nianze na hilo la mwisho maana najua ndo linakunyima usingizi: kwa haya uliyoeleza hapa wakili wako hajanunuliwa na wala si mvivu. Amefuata kanuni, na ni kanuni ambayo hata watu waliosoma sheria nyumbani wakifika California inawashangaza, kwa sababu Tanzania wakili anasimama mbele ya jaji anataja kesi ambayo haijaripotiwa popote, anaandika tu pembeni kwamba haijaripotiwa, anaambatanisha nakala na maisha yanaendelea. California ukifanya hivyo umevunja kanuni.

Rudi kwenye hiyo hukumu uliyoipata, fungua ukurasa wa kwanza kabisa, usiruke kwenda kwenye story. Juu kabisa utaona namba ya kesi inayoanza na herufi moja. Ikiwa D imetoka hapo San Diego, kitengo cha kwanza cha wilaya ya nne ya mahakama ya rufaa, B ni Los Angeles na maeneo yake, A ni San Francisco, C ni Sacramento, F ni Fresno. Karibu na hapo kuna maandishi makubwa, ama "CERTIFIED FOR PUBLICATION" ama "NOT TO BE PUBLISHED IN OFFICIAL REPORTS", na kama ni hii ya pili kuna kijisanduku chini yake kinachotaja kanuni namba 8.1115 ya mahakama za California. Hicho kijisanduku ndicho alichokuwa anakisema wakili wako. Kanuni inasema hukumu ya mahakama ya rufaa ambayo haikuidhinishwa kuchapishwa kwenye vitabu rasmi, hakuna mahakama wala mhusika wa kesi nyingine anayeruhusiwa kuitaja au kuitegemea. Ina milango midogo miwili, wa kwanza ni pale ambapo ni kesi yako mwenyewe inarudi na lazima uonyeshe kilichoamuliwa kati yenu, wa pili ni wa kesi za jinai au za nidhamu zinazomhusu mtu yuleyule. Wewe humo hupiti, hiyo ni kesi ya mtu mwingine.

Sasa hiyo ya kuwa kwenye tovuti ya mahakama isikuchanganye. Mahakama inaweka mtandaoni zote, zilizoidhinishwa na zisizoidhinishwa, kila mtu asome. Kuchapishwa hapa ni ule uamuzi wa majaji wenyewe, wale watatu waliosikiliza rufaa, wengi wao wakiona hukumu inaongeza kitu kwenye sheria wanaipa kibali, wakiona ni kesi ya kawaida iliyofuata njia inayojulikana hawaipi. Kanuni ya jirani yake, 8.1105, imeorodhesha vigezo: imeweka sheria mpya, imetumia sheria ya zamani kwenye mazingira tofauti kabisa, imemaliza au imezua mgongano kati ya hukumu zilizopita, inagusa jambo la umma, na kadhalika. Na ikasema wazi kwamba mahakama isiangalie kama hukumu itamwaibisha mtu, awe mwenye kesi, wakili au jaji. Hivyo vigezo ukivisoma utadhani nyingi zinapita, kumbe karibu tisa katika kila kumi za mahakama ya rufaa ya California zinabaki bila kibali.

Kwa nini hivyo? Katiba ya jimbo, ibara ya sita kifungu cha 14, inalazimisha mahakama ya rufaa na mahakama kuu (Supreme Court, ambayo kule ndiyo iko juu ya mahakama ya rufaa) kuamua kesi kwa maandishi na kutoa sababu. Na kifungu cha 19 kinabana zaidi, jaji akikaa na kesi siku 90 tangu ikabidhiwe kwake kwa uamuzi bila kuitoa, mshahara hapokei mpaka aimalize. Kwa hiyo hukumu zinatoka kwa maelfu kila mwaka, na ile isiyo na kibali mara nyingi imeandikwa kwa ajili ya wahusika wawili wanaojua story yote tayari, mambo mengine yamefupishwa au hayakusemwa. Hiyo ndo hoja ya upande unaoitetea kanuni. Upande wa pili wanasema ni haki gani hii, mahakama inaamua kesi yangu namna moja halafu ya jirani namna nyingine na jirani haruhusiwi hata kuisema. Mi binafsi naona wa pili wana hoja kubwa zaidi, lakini maoni yangu hayatakusaidia mbele ya jaji, kanuni ipo na inafanya kazi.

Mdogo wako hajakudanganya, ila kila jimbo lina kanuni zake. Ohio walifuta hiyo tofauti kwa hukumu zilizotoka kuanzia tarehe 1 Mei 2002, zote zinatajwa. Texas kwenye kesi za madai nao waliachana nayo mwaka 2003. Mahakama za rufaa za shirikisho nazo haziwezi kumkataza mtu kutaja hukumu zao zisizochapishwa zilizotoka kuanzia 2007. Minnesota unaweza kuitaja lakini haimfungi mtu. California imebaki na mlango umefungwa, kwa hiyo ushauri wa Columbus usitumike San Diego, ni kama kuvaa koti la baridi ya Ohio ukiwa ufukweni Mission Beach.

Haya, tuje kwenye kazi. Huruhusiwi kuitaja hiyo hukumu lakini hakuna aliyekukataza kuisoma, na mawakili wazuri wanazisoma kila siku. Faida yake ni kwamba majaji walipoandika walitegemea kesi nyingine, na kesi walizozitegemea ni zile zilizochapishwa, na hizo unaruhusiwa. Kaa chini na kalamu, kila ukikuta jina la kesi lenye mwaka kwenye mabano na namba kama 242 Cal.App.4th 674, andika pembeni. Namba ya kwanza ni kitabu, ya mwisho ni ukurasa, katikati ni jina la mfululizo wa vitabu, na kuwepo kwa hiyo namba ndo dalili kwamba ilipata kibali. Mpelekee wakili hiyo orodha badala ya hukumu yenyewe, sema "naomba uangalie hizi". Yeye ana programu ya kuangalia kama bado ziko hai, maana hukumu inaweza kupewa kibali leo na mahakama kuu ya jimbo ikakiondoa baadaye, au ikaichukua kesi yenyewe kuiangalia upya na wakati huo nguvu yake inapungua sana.

Na habari njema ni kwamba hukumu iliyochapishwa ya wilaya yoyote inaifunga Superior Court, yaani mahakama ya chini inakoanzia kesi kama yako, ya kaunti yoyote. Hilo liliamuliwa mwaka 1962 kwenye Auto Equity Sales. Jaji wako wa San Diego hawezi kusema hiyo imetoka Sacramento hainihusu. Ila wilaya mbili zikigongana, jaji wa chini anachagua anayoona imekaa sawa, na hapo ndo mawakili wanapopambana.

Hiyo namba 242 sikuitoa hewani. Ni Ramos v. Westlake Services, ya mwaka 2015, wilaya ya kwanza. Mtu alinunua gari lililotumika, mazungumzo yote yalikuwa kwa Kihispania, akapewa tafsiri ya mkataba kwa Kihispania, kumbe ile tafsiri haikuwa na kipengele cha abitresheni, kilikuwa kwenye Kiingereza tu alichosaini. Mahakama ikasema huyu hakukubali kitu ambacho alifichwa. Ukisoma hapo utafurahi. Usifurahi haraka, kwa sababu mwaka 2021 wilaya ya pili ikatoa Caballero v. Premier Care Simi Valley, nayo imechapishwa, na hii ni ya kituo cha uuguzi, karibu kabisa na mazingira ya kazi yako. Mwanafamilia wa mgonjwa alisaini karatasi za Kiingereza na yeye anajua Kihispania. Mahakama ya chini ikamwonea huruma, ya rufaa ikageuza: kutojua Kiingereza peke yake hakukutoi kwenye mkataba uliousaini, ungeomba mtu akusomee. Na wakili wako akijua kuna hukumu kama hiyo inayomfunga jaji na inampinga moja kwa moja, na upande wa pili hawajaitaja, maadili ya kazi yanamlazimisha yeye mwenyewe aiseme. Kwa hiyo hawezi kujenga kesi yako juu ya "mteja wangu hajui Kiingereza" halafu akae kimya kuhusu Caballero.

Tofauti ya hizo mbili iko wapi? Soma tena. Kwenye Ramos kuna mtu aliongea naye kwa lugha yake na akampa picha isiyo kamili. Kwenye Caballero hakuna aliyemdanganya wala kumzuia asiulize. Sasa turudi siku yako ya kwanza kazini. Nani alikupa zile karatasi? Aliongea lugha gani? Kama ni supervisor Mkongo au Mkenya aliyekwambia kwa Kiswahili "hizi ni za malipo tu, weka saini hapa na hapa", hicho ni kitu kikubwa mno na kwenye swali lako hujakigusa kabisa. Kama ni mzungu wa ofisini alikupa bila kusema neno ukasaini ukaondoka, hiyo ni hali nyingine, inabidi kwenda njia ya pili.

Njia ya pili ni kusema mkataba wenyewe ni wa kionevu, na hapa kesi kubwa ni OTO v. Kho, mahakama kuu ya California, 2019. Fundi wa magari Oakland, lugha yake ya kwanza Kichina, siku moja akiwa kazini tayari mfanyakazi wa chini akamletea rundo la karatasi pale pale anapofanyia kazi, akasimama anasubiri asaini. Dakika tatu nne hivi. Alikuwa analipwa kwa kazi anayomaliza, kwa hiyo kila dakika ya kusoma ni pesa yake inapotea. Kipengele chenyewe kilikuwa aya moja ndefu iliyobanana, maandishi madogo, Kiingereza cha kisheria hata mwenye lugha yake angepata tabu. Nakala hakuachiwa, tafsiri hakuna. Mahakama ikakikataa. Lakini angalia kitu ambacho watu wengi wanakiruka: haikutosha kwamba alisainishwa vibaya, ilibidi pia yaliyomo yawe ya kumwumiza. Mahakama inataka vyote viwili, namna ulivyosainishwa na yaliyomo, kimoja kikiwa kibaya sana kingine kinaweza kuwa kibaya kidogo, ila kimoja kikiwa sifuri umekwisha. Kwa yaliyomo mnapima kwa Armendariz ya mwaka 2000: je, msuluhishi hayuko upande wa bosi, je, utapata nafasi ya kudai nyaraka na ushahidi, je, uamuzi utaandikwa, je, utapata kila fidia ambayo mahakama ingekupa, na gharama za ziada za abitresheni analipa nani. Mwambie wakili mpitie karatasi mstari kwa mstari kwa hayo matano.

Kuna mtu atakwambia California ina sheria inayolazimisha mkataba utafsiriwe. Ipo, kifungu 1632 cha sheria ya madai, lakini ni kwa mikataba fulani ya biashara na upangaji, na lugha zake ni tano: Kihispania, Kichina, Kitagalog, Kivietinamu na Kikorea. Kiswahili hakimo na mkataba wa kazi haumo. Usipoteze muda huko.

Sasa kwa nini yule mfanyakazi wa kwenye hukumu yako alishinda na wewe ukiwa na mambo yaleyale unaweza kushindwa? Tafuta ndani ya hukumu sehemu inayosema majaji wanapima kwa kipimo gani, mara nyingi iko mwanzoni mwa uchambuzi wao, baada ya story ya kesi. Mahakama ya rufaa haisikilizi mashahidi upya. Kama jaji wa chini alimwamini mfanyakazi kuhusu nini kilitokea siku ile, wa rufaa wanauliza tu kama kulikuwa na ushahidi wa kutosha kumwamini, basi. Wangeweza kuthibitisha hata kama jaji angemwamini bosi. Ndo maana ukifika mwisho ukakuta "The order is affirmed", yaani amri ya jaji wa chini imethibitishwa, usidhani majaji watatu wamesema mfanyakazi ana haki milele na milele, pengine wamesema tu jaji wa chini hakukosea sana. Kesi inayojengwa juu ya nani aliaminiwa inashindwa au kushinda kule chini, yaani kwa jaji wako huyu wa sasa hivi.

Na jaji wako ataamua zaidi kwa karatasi moja: tamko lako la kiapo. Hapo ndipo weka nguvu, siyo kwenye Google. Andika kwa Kiswahili, kwa maneno yako, yale unayoyakumbuka kweli: ilikuwa saa ngapi, ulikuwa umekaa wapi, karatasi zilikuwa ngapi kwa makadirio, nani alikuwepo, alisema nini, ulipewa muda gani, uliuliza kitu ukajibiwaje, uliambiwa usiposaini hakuna kazi, uliachiwa nakala au hapana. Kisha itafsiriwe na mkalimani mwenye sifa anayeapa kwamba tafsiri ni sahihi, kanuni 3.1110 ndo inavyotaka kwa nyaraka za lugha nyingine. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona viapo vingi vya watu wetu vimeandikwa Kiingereza kizuri cha wakili, aya ya pili inasema "sijui kusoma Kiingereza", chini kuna saini ya mteja, hakuna mkalimani anayetajwa popote. Upande wa pili hawahitaji hata kujibu, wanamwonyesha jaji tu. Usikubali kusaini kitu cha hivyo, na usiongeze chumvi, kama hukumbuki sema hukumbuki.

Hizo tatu za AI, tafadhali. Kabla hujampa wakili, tafuta kila moja kwa jina na namba ya kitabu kwenye tovuti yenye hukumu kamili, soma uone kama ipo na kama inasema kweli kile kilichoandikwa. Septemba 2025 mahakama ya rufaa, wilaya ya pili, ilitoa Noland v. Land of the Free, kesi ya kazi kama yako, ambayo hoja za rufaa za wakili zilikuwa na nukuu 23 na 21 kati yake zilikuwa za kubuni, AI ilizitunga. Faini dola 10,000, na hiyo hukumu wakaichapisha makusudi ili wote waione. Kilichonifurahisha ni kwamba wakili wa upande wa pili aliomba alipwe gharama na akanyimwa, kwa sababu naye hakugundua kitu, majaji ndio waligundua.

Kumwandikia jaji, hapana. Ukiwa na wakili mahakama inapokea maneno yako kupitia kwake, barua yako ya peke yako ama itarudishwa ama itapelekwa kwa upande wa pili, na chochote ulichosema humo kinaweza kukugeukia. Barua ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuandika ni nyingine: kanuni 8.1120 inakuruhusu kuiomba mahakama ya rufaa iipe hukumu kibali cha kuchapishwa, hata kama kesi si yako, ueleze wewe ni nani na inakuhusuje na inatimiza kigezo gani. Lakini siku ni 20 tu tangu hukumu itoke. Ya kwako ni ya mwaka juzi, imeshapita. Vyama vya kutetea wafanyakazi wanaifanya hii mara kwa mara, kwa hiyo ukikuta mpya nzuri wiki hiyohiyo, mwambie wakili wako haraka. Mabosi nao wana ya kwao, 8.1125, wanaomba mahakama kuu ikiondoe kibali kwenye hukumu iliyowaumiza, na wao siku zao ni 30 baada ya uamuzi kuwa wa mwisho kule rufaa.

La mwisho ni hili, muulize wakili wako alielezee vizuri kabla ya siku ya kusikilizwa. Jaji akikataa ombi la bosi la kuipeleka kesi abitresheni, bosi anaweza kukata rufaa papo hapo, ila tangu tarehe 1 Januari 2024 rufaa hiyo haisimamishi kesi yenyewe moja kwa moja kama zamani, mnaweza kuendelea. Jaji akikubali ombi na kukupeleka abitresheni, wewe huna rufaa ya papo hapo, unasubiri mpaka mwisho kabisa au unaomba mahakama ya rufaa iingilie kati kwa ombi maalum, na hayo maombi mengi hukataliwa bila hata maelezo. Kwa hiyo muulize tarehe ya mwisho ya kuwasilisha majibu ni lini, na mkalimani ameshapatikana au bado.